Kufufua Stihl 070 iliyochoka: mwongozo kamili

Stihl 070 ni chenso (msumeno wa mnyororo wa injini) ya sentimita za ujazo 106. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 58 na mwendo wa milimita 40, na mashine bila upanga (bapa la chuma linalobeba mnyororo) wala mnyororo inazidi kilo 10. Ukoo wake unaanzia kwenye Contra, ambayo kiwanda cha Stihl cha Ujerumani kiliitoa mwaka 1959. Haizunguki kwa kasi kama chenso za siku hizi zinazofika mizunguko 12,000 na zaidi kwa dakika. Sifa yake ni kuburuta mnyororo mzito wa .404 (kipimo cha hatua ya mnyororo kwa inchi) ndani ya gogo nene bila kulegea, na ndiyo maana wapasua mbao wa Kongo na Tanzania hawajaiacha.

Nyingi zinazoletwa kwa fundi zimeshapita mikono ya watu kadhaa. Kabureta imebadilishwa, plagi imebadilishwa, pistoni mpya imewekwa na ikaungua tena. Kosa ni lile lile: kubadilisha kilichoharibika bila kutafuta kilichokiharibu. Kwenye injini hii mharibifu mkubwa ni hewa inayopenya mahali isipotakiwa, na mwongozo huu umepangwa kumtafuta huyo kwanza.

Halisi au nakala?

Soko limejaa nakala za 070 kutoka China, na vipuri vingi vya nakala vinaingia kwenye bodi halisi. Hilo ni neema na balaa kwa pamoja. Nakala ya mfuniko, mpini, kamba, tangi au ekzosi haina tatizo. Kwa ringi, sili (mipira ya kuziba ncha za kranki), beringi na daiaframu za kabureta, lipia zaidi upate za kuaminika. Silinda ya nakala inaweza kutumika, lakini pitisha kidole kwenye kingo za matundu yake kabla ya kuifunga. Ukisikia ukali, ringi itakwama hapo na kukatika. Lainisha kingo kwa msasa wa 400 uliozungushiwa kijiti, kisha osha kwa maji na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

Kabla ya kununua chenso chakavu, angalia vitu vitatu visivyotengenezeka kwa bei ndogo: bodi iliyopasuka kwenye makalio ya beringi, uzi wa bolti za upanga uliokwisha, na kranki inayocheza. Bodi ni ya magneziamu, si aluminiamu ya kawaida, kwa hiyo fundi wa welding asiyeijua ataiharibu. Vumbi la bodi hiyo ikisagwa kwa gurudumu la kusagia linaweza kushika moto mweupe, na moto huo haumwagiwi maji, bali hufunikwa kwa mchanga mkavu.

Vifaa

Seti ya spana na alenki za milimita, bisibisi pana zisizolika, pula ya flaiwili, fila geji, geji ya mgandamizo, multimita, tupa ya mviringo ya milimita 5.5, tupa bapa, na msasa wa 400 na wa 600. Kwa kupima uvujaji, mpira wa kupulizia na saa ya mashine ya kupima presha ya damu vinatosha. Saa hiyo huishia milimita 300 za zebaki, sawa na takribani bar 0.4, na injini hii inapimwa karibu na hapo. Ongeza sindano kubwa ya plastiki kwa kunyonya, tyubu ya baiskeli ya kukata vipande vya kuzibia, na visahani vya kutengea bolti. Bolti za chenso hii zina urefu tofauti. Ndefu ikiingia tundu la fupi inatoboa ukuta wa bodi.

Pima kabla hujafungua

Toa plagi, vuta kamba taratibu. Ikigoma kabisa, usilazimishe kwa kuvuta kwa nguvu. Mimina vijiko viwili vya mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kupitia tundu la plagi, acha usiku kucha, kisha jaribu kuzungusha flaiwili kwa mkono mbele na nyuma.

Ikizunguka, funga geji ya mgandamizo. Kama mashine ina kitufe cha kupunguza mgandamizo, hakikisha kimefungwa. Fungua mafuta (resi) mpaka mwisho, vuta kamba mara tano au sita mpaka mshale usipande tena. Psi 120 hadi 150 ni injini yenye afya. Chini ya 100, ringi au silinda imechoka. Dondosha kijiko kimoja cha oili kwenye silinda upime tena: namba ikipanda sana, tatizo ni ringi, isipopanda, tazama gasketi, kitufe kinachovuja au tundu la plagi lenye uzi mbovu.

Kisha cheche. Rudisha plagi kwenye kofia yake, iegemeze kwenye mapezi ya silinda mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, vuta kamba. Cheche nzuri ni ya buluu na inalia. Ya njano na nyembamba ni dalili ya pointi chafu, kondensa mbovu au koili inayokufa.

Mwisho fungua ekzosi, bolti chache tu, na chungulia pistoni kwa tochi kupitia tundu la moshi. Dakika hizi tano zinakuambia kama ni kazi ya siku moja au ya wiki. Pistoni ikiwa na ngozi laini na mistari ya kiwandani bado inaonekana, huna haja ya kushusha silinda leo. Ruka hadi kipimo cha uvujaji.

Kushusha silinda na kusoma pistoni

Piga picha kila hatua, hasa njia ya waya na mpangilio wa fimbo za mafuta. Ondoa upanga, mfuniko wa kamba, kichujio, kabureta, ekzosi. Legeza bolti za silinda kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, kisha inua silinda ikiwa imenyooka. Ziba mdomo wa bodi kwa kitambaa safi papo hapo, maana kipande cha gasketi kikidondoka ndani kitakulazimisha kutenganisha nusu mbili za bodi.

Sasa weka pistoni kwenye mwanga na usome.

Mikwaruzo upande wa ekzosi peke yake, upande wa kabureta ukiwa safi: injini ilipata joto kupita kiasi. Petroli ilikuwa kidogo kuliko hewa, ama kwa skrubu ya kabureta iliyokazwa mno, ama kwa hewa inayopenya. Mikwaruzo kuizunguka pistoni yote: petroli haikuwa na oili. Upande wa kabureta ukiwa na rangi ya kijivu isiyong'aa, kama umepigwa msasa: vumbi lilipita kwenye kichujio. Hii ndiyo tunayoiona zaidi kwa wapasua mbao, kwa sababu kichujio hupigwapigwa kwenye kisigino mpaka ukingo wake unapinda na hauzibi tena. Sketi ya pistoni iliyovunjika kipande: mwanya umekuwa mkubwa kwa uchakavu, na silinda nayo ikaguliwe. Vidonda vidogo juu ya kichwa cha pistoni: kitu kigumu kilipita, na mara nyingi ni roli za beringi ya kranki. Usifunge pistoni mpya juu ya kranki hiyo.

Andika ulichokiona. Utarudi kukijibu kabla ya kuwasha.

Kuokoa silinda

Ukuta wa silinda ya asili umepakwa kromiamu. Michirizi unayoiona mara nyingi si kidonda cha kromiamu, bali ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka na kuganda juu yake. Mafundi wengi hukimbilia asidi ya kusafishia vyoo. Asidi ya hidrokloriki inaondoa aluminiamu kweli, lakini inaila na kromiamu. Kostiki soda, ile wanayotumia watengeneza sabuni, inakula aluminiamu na kuiacha kromiamu.

Fanya kazi hii nje, ukiwa na miwani na glovu za mpira. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki: kijiko kimoja cha chai kwenye robo kikombe cha maji baridi. Chovya pamba iliyofungwa kwenye kijiti na upake juu ya mchirizi tu. Itatoa povu. Usiguse kingo za matundu wala uso wa chini wa silinda, kwa sababu huko ni aluminiamu tupu na italiwa vivyo hivyo. Baada ya dakika moja futa, paka tena. Povu likikoma, aluminiamu imekwisha. Suuza kwa maji mengi, kisha kwa siki iliyopunguzwa, kisha maji tena, kausha na upake oili.

Povu lisipokoma, simama. Maana yake kromiamu imebanduka na unakula silinda yenyewe. Thibitisha kwa ncha ya sindano ya kushonea: kromiamu haikwaruziki, aluminiamu inaacha alama. Silinda iliyobanduka kwenye njia ya ringi ni ya kutupa. Alama ndogo chini kabisa, mahali ringi hazifiki, inavumilika.

Maliza kwa msasa wa 600 wenye oili, kwa mkono, mizunguko ya mshazari, kiasi cha kuondoa mng'ao. Usitumie mawe ya kuchongea silinda za chuma.

Kranki, beringi na sili

Shika konrodi, ivute juu na kuisukuma chini. Isisikike kabisa kucheza kwa wima. Kutikisika kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Kisha shika ncha ya kranki upande wa flaiwili na uitikise: ukisikia mchezo, beringi imekwisha. Izungushe polepole, na kama inakwaruza kama ina mchanga, imekwisha pia.

Flaiwili hutoka kwa pula. Nyundo kwenye ncha ya kranki inapindisha kranki iliyounganishwa kwa kubanwa, na huwezi kuinyoosha kwa macho. Upande wa klachi, tazama uzi kabla ya kuvuta spana. Kwenye chenso nyingi klachi hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea mwendo wa saa. Kuzuia injini isizunguke, ingiza kamba laini yenye fundo kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa imeshapita tundu la ekzosi ikipanda. Kamba ikiingia wakati tundu liko wazi, inakatwa na ukingo. Usitumie bisibisi wala plagi ya chuma ya kuzuilia, maana inatoboa pistoni.

Ukitenganisha bodi, soma namba iliyoandikwa kwenye beringi yenyewe na ununue hiyo hiyo yenye alama ya C3, ambayo ina mwanya wa kuvumilia joto. Pasha bodi mpaka tone la maji likilia juu yake, beringi itadondoka kwa uzito wake au kwa kugongwa kidogo na mbao. Mpya ziweke kwenye friji saa moja, uziingize bodi ikiwa bado ya moto. Sukuma kwa ukingo wa nje wa beringi. Kusukuma ukingo wa ndani kunaipa gololi makovu, na itaanza kulia ndani ya wiki.

Sili badilisha zote mbili bila kuangalia sura. Sili ya miaka thelathini imeshakuwa ngumu kama kucha hata kama haina ufa. Mdomo wenye springi uelekee ndani ya injini. Zungushia ncha ya kranki karatasi ya plastiki iliyopakwa oili ili ukingo wa mfereji wa kii (kipande kidogo cha chuma kinachoonyesha mahali pa flaiwili) usiukate mdomo.

Kufunga na kipimo cha uvujaji

Ringi mpya ipime kwanza. Iingize ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Milimita 0.2 hadi 0.4 ni nzuri, na ikikaribia 1 usiitumie. Mshale juu ya pistoni uelekee ekzosi. Pini ipakwe oili, na vizuizi vya pini viwe vipya, mwanya wao ukitazama juu au chini kabisa. Ukitazama pembeni, mtikisiko wa pistoni unaweza kukifungua na kikalima silinda nzima.

Ncha za ringi zikae kwenye vijiti vyake vidogo ndani ya mifereji. Bana ringi kwa mkanda mwembamba wa bati, egemeza pistoni juu ya kipande cha mbao chenye mkato, shusha silinda bila kuizungusha hata kidogo. Gasketi mpya chini, kavu. Kaza kwa mshazari kwa hatua tatu. Baadhi ya watu huondoa gasketi ya chini ili kuongeza mgandamizo. Kwenye mashine hii faida ni ndogo, na kamba ya kuwashia itakuvunja vidole.

Sasa kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka. Bana kipande cha tyubu kati ya ekzosi na silinda. Tengeneza kibati cha kuziba mahali pa kabureta chenye mrija mdogo katikati. Plagi iwe imekazwa. Pampu mpaka saa isome karibu milimita 300, funga, subiri sekunde 20. Mshale usisogee. Ukishuka, paka povu la sabuni kwenye sili zote mbili, chini ya silinda, maungio ya bodi, shingo ya kabureta na kitufe cha kupunguza mgandamizo. Mapovu yatakuonyesha.

Kisha geuza: nyonya hewa badala ya kusukuma. Hatua hii ina sababu yake. Presha ya ndani inaubana mdomo wa sili kwenye kranki, hivyo sili iliyochoka inaweza kufaulu kipimo cha kwanza. Mnyonyo unauinua mdomo huo, na hapo ndipo hewa inaingia, kama injini inavyofanya kila mzunguko. Saa ya presha ya damu haisomi mnyonyo, kwa hiyo tumia saa ya mnyonyo ukiipata: vuta hadi bar 0.5, na baada ya sekunde 20 isiwe imelegea chini ya 0.3. Bila saa, vuta sindano kubwa, shikilia kama nusu dakika, kisha iachie. Kisukumio chake kirudi chenyewe karibu na kilipoanzia. Kikibaki njiani, kuna hewa iliyoingia.

Injini isiyofaulu hapa haiwashwi. Kurekebisha skrubu za kabureta ili "kuifidia" ndiko kunakounguza pistoni ya pili.

Umeme

070 za mwanzo zina pointi na kondensa chini ya flaiwili, za baadaye zina mfumo wa elektroniki. Kwa zenye pointi, safisha nyuso kwa msasa wa 600, kisha vuta karatasi nyeupe iliyoloweshwa spiriti katikati yake mpaka itoke safi. Alama ya kidole yenye mafuta inatosha kuua cheche. Mwanya, zikiwa zimefunguka kabisa, uwe milimita 0.35 hadi 0.4. Paka grisi kidogo sana kwenye kishungi kinachogusa kamu, bila hivyo kitaliwa na mwanya kupungua ndani ya miezi.

Pointi zikionyesha moto wa buluu mkubwa zinapofunguka, au uso mmoja umeota kilima na mwingine shimo, kondensa imekufa. Multimita yenye kipimo cha kondensa isome takribani mikrofaradi 0.2.

Kii ya flaiwili itazamwe kwa makini. Ikiwa imekatika hata nusu, muda wa cheche umehama. Dalili yake ni kamba kunyang'anywa mkononi wakati wa kuwasha, au injini kuwaka kwa kurudi nyuma. Koni ya kranki na ya flaiwili ziwe kavu na safi bila oili wala grisi, kwa kuwa koni ndiyo inayoshika flaiwili. Kazi ya kii ni kuonyesha mahali tu. Kwa koili iliyo nje ya flaiwili, weka kadi ya biashara kati yake na sumaku, acha sumaku iivute, kaza, toa kadi: unapata kama milimita 0.3.

Koili inayokufa ikipata moto na kufufuka ikipoa haina dawa ila kubadilishwa. Vibadala vidogo vya elektroniki vinavyochukua nafasi ya pointi vinafanya kazi vizuri, mradi waya zisipishane.

Kabureta

Kwenye mashine hizi utakuta Tillotson ya ukoo wa HL, au nakala yake. Ni kabureta rahisi, na seti ya daiaframu na gasketi ni ya bei ndogo. Daiaframu nzuri ni laini kama ngozi ya ngoma iliyolegea kidogo. Ikikunjwa na kusikika ikikatika-katika kama karatasi kavu, badilisha.

Ondoa skrubu za H (petroli ya kasi ya juu) na L (petroli ya kasi ya chini) kabisa, puliza njia zote kwa hewa. Usiingize waya wa chuma kwenye vitundu, maana ukivipanua hutaweza kurekebisha tena. Upande wa kupimia petroli, gasketi hutangulia kwenye bodi, daiaframu hufuata. Kinyume chake kunafanya injini inywe kupita kiasi au isinywe kabisa. Mkono mdogo unaoinua sindano uwe sawasawa na sakafu ya chumba chake: weka ukingo wa rula mdogo juu ya sakafu, uguse mkono bila kuubonyeza. Ukiwa juu, kabureta inafurika. Ukiwa chini, injini inakufa njaa ikipigwa resi.

Tazama pia gasketi kati ya kabureta na injini. Ina kitundu kidogo pembeni kinachopitisha msukumo wa kranki kwenda kwenye pampu ya petroli. Ukiigeuza, kitundu kinazibwa, na injini itawaka kwa petroli uliyomiminia, iunguruke sekunde chache na kuzima. Watu wamenunua kabureta mpya tatu kwa sababu ya gasketi moja iliyogeuzwa.

Mpira wa petroli ulioota ugumu ubadilishwe pamoja na kichujio cha ndani ya tangi. Pumulio la tangi lipuliziwe. Chenso inayozima kila baada ya dakika kumi na kuwaka ukifungua kifuniko cha tangi, shida yake ni hiyo.

Upanga na mnyororo

Mfereji wa upanga wa .404 uwe wa milimita 1.6. Simamisha mnyororo ndani yake na uutikise: ukilala ubavu, reli zimepanuka au zimelika. Reli moja ikiwa fupi kuliko mwenzake, msumeno utakata kwa kupinda hata kama meno ni makali kama wembe. Sawazisha kwa tupa bapa, kisha geuza upanga juu chini kila unaponoa sana. Sproketi (gurudumu la meno linalosukuma mnyororo) yenye makovu ya nusu milimita ibadilishwe pamoja na mnyororo, kwani sproketi mbovu inaua mnyororo mpya.

Noa kwa tupa ya milimita 5.5. Kukatia gogo: nyuzi 30, au 25 kwa mbao ngumu kama mninga na mkongo. Kupasulia mbao kwa urefu: nyuzi 10, na uso wa ubao utatoka laini zaidi. Pua ya mbele ya jino iwe chini ya ncha kwa milimita 0.8. Ukishusha zaidi kwa tamaa ya kasi, mnyororo unadaka na mashine inarukia uso wako. Meno yote yawe na urefu mmoja, ukilinganisha na fupi kuliko yote.

Oili chafu ya gari kwenye tangi la mnyororo ina unga wa chuma unaokula pampu. Tumia oili safi, hata ya bei nafuu. Tangi la petroli likiisha, tangi la oili nalo liwe karibu kuisha. Likibaki nusu, pampu au tundu la kwenye upanga limeziba.

Petroli, kuwasha na kurekebisha

Kwa oili ya kawaida ya injini za mipigo miwili, changanya 1:25: mililita 40 kwa lita moja, 200 kwa lita tano. Oili ya daraja la juu iliyoandikwa 1:50 na mtengenezaji ni mililita 100 kwa lita tano. Pwani watu hutumia oili ya mashine za boti kwa kuwa ipo karibu. Ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na haivumilii joto la silinda inayopozwa na upepo.

Funga skrubu za H na L taratibu mpaka ziguse, fungua kila moja mzunguko mmoja. Weka mashine chini, mguu kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto ukishika wa mbele kwa dole gumba kuzunguka. Nyingi ya 070 hazina breki ya mnyororo, kwa hiyo mnyororo usiguse chochote. Choki, vuta mpaka itoe mlio wa kwanza, toa choki, vuta tena.

Iache ipate moto dakika nne. Zungusha L huku na huku mpaka upate mahali inapounguruma kwa kasi zaidi, kisha fungua tena robo mzunguko. Ukipiga resi iitike mara moja. Ikisita na kutaka kuzima, fungua L kidogo. Ikitoa moshi na kuvuta kwa uzito, funga kidogo. Skrubu ya mwendo wa kutulia iachwe mahali mnyororo unaposimama kabisa.

H hurekebishwa kwenye mti, si hewani. Nje ya mti, mafuta yakiwa yote, mlio uwe na mgugumio. Ukiingiza kwenye gogo, mgugumio usafike na nguvu ije. Mlio ukiwa safi na mkali kabla ya kugusa mti, petroli ni ndogo: fungua H kidogo papo hapo. Kabureta zenye gavana (kidhibiti cha kasi) hugugumia zikifika kasi yake bila kujali skrubu, kwa hiyo hapo sikiliza ndani ya mti tu. Baada ya mkato mzito zima ghafla na utazame plagi: kahawia ya maziwa ni sawa, nyeupe ni hatari, nyeusi iliyolowa ni petroli nyingi.

Matangi matano ya kwanza fanya kazi bila kulazimisha, na usipige resi ndefu hewani. Baada ya tangi la kwanza, mashine ikipoa, kaza upya bolti za ekzosi na kabureta.

Dalili moja ikitokea siku hizo usiipuuze: mwendo wa kutulia unaopanda wenyewe, au injini inayochelewa kushuka baada ya kuachia mafuta. Zima papo hapo. Hewa inaingia mahali. Rudi kwenye tyubu, kibati na povu la sabuni, ukianza na sili ya upande wa klachi, ambayo ndiyo inayopata joto na vumbi la mbao zaidi.